Majani yana afya, mizizi imeoza: mbegu "inayovumilia magonjwa" huvumilia nini?

SWALI: Mwanangu mtaalamu, mimi ni mzee, nalima muhogo hapa Mkuranga tangu ujana wangu. Misimu kadhaa iliyopita nilichukua mbegu ya Kiroba kwa mkulima mwenzangu, nikaambiwa ni mbegu ya utafiti na inavumilia magonjwa. Mwanzo nilivuna vizuri. Mwaka huu shamba linapendeza, batobato sijaiona hata kwenye jani moja, lakini nilipochimba nikakuta mihogo mingi ina mabaka ya kahawia ndani, magumu, haipikiki wala haifai kwa makopa. Je, nilidanganywa? Na ninyi watafiti, miaka yote hii, mnashindwaje kutoa mbegu moja isiyougua kabisa?

JIBU: Shikamoo mzee. Mbegu haikukudanganya, ila maelezo uliyopewa yaliishia njiani. Uliambiwa inavumilia magonjwa. Hukuambiwa magonjwa gani, kwa kiasi gani, wala kwa misimu mingapi. Hayo matatu ndiyo yanayoamua kama mtu atakula au atatupa.

Unachokieleza ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Kama ungekuwa uozo wa maji, ule wa shamba lililotuama, muhogo ungelainika, ungetoa maji na kunuka. Wa kwako ni mkavu, mgumu, hauna harufu, na kwa nje pengine ganda lilikuwa zima kabisa mpaka ulipopiga kisu. Rudi shambani, kwenye miti uliyobakiza, ila safari hii usitazame juu. Wakulima wengi wamezoea kutafuta batobato, na batobato hukaa kwenye majani machanga ya kileleni: yanajikunja, yanapata mabaka ya njano na kijani kibichi. Michirizi hujificha chini, kwenye majani yaliyokomaa, ambako umanjano hafifu hufuata vishipa vya jani. Kwenye sehemu ya shina ambayo bado ni ya kijani utaona vistari vya kahawia. Ukichelewa, majani yale ya chini yanakuwa yamekwisha pukutika na ushahidi umekwenda nayo. Ndiyo maana shamba linaweza kupendeza barabarani huku chini ya udongo hakuna chakula.

Batobato na michirizi husababishwa na virusi visivyo na undugu wowote. Nguvu ya mmea dhidi ya kimoja haina msaada dhidi ya kingine. Kinachoviunganisha ni mdudu mmoja, nzi mweupe, yule anayeruka kwa makundi ukitikisa jani. Anabeba vyote viwili, lakini si kwa namna moja. Virusi vya batobato vikimwingia hukaa naye kwa siku nyingi, akasafiri navyo. Virusi vya michirizi havidumu naye kwa muda mrefu, kwa hiyo mdudu huyu huvisambaza zaidi kwa majirani wa karibu: mti hadi mti, shamba hadi shamba. Safari ndefu za ugonjwa huu, za kutoka wilaya hadi wilaya, hufanywa na sisi binadamu. Tunafunga pingili, vile vipande vya shina tunavyopanda kama mbegu, kwa kamba na kuzipandisha kwenye baiskeli. Pingili iliyokatwa kwenye mti mgonjwa ni ugonjwa tayari uliopandwa.

Sasa Kiroba. Hiyo si aina iliyofungiwa mlango. Virusi vinaingia, ila vinazaliana polepole na madhara kwenye mizizi huchelewa. Ni kama mtu mzima wa pwani anayeweza kuwa na vimelea vya malaria kwenye damu na bado akaenda shamba bila homa. Wewe ulivuna vizuri mwanzo kwa sababu pingili zako nyingi zilikuwa safi au zilikuwa na virusi kidogo. Kisha ukakata mbegu humo humo, ukapanda, ukakata tena. Kila mzunguko idadi ya miti yenye virusi imeongezeka, na nzi weupe wameongeza mingine kutoka kwa jirani. Aina ni ile ile, vinasaba vyake havijabadilika kitu. Kilichobadilika ni mzigo uliomo ndani ya shina. Ungepata Kiroba hiyo hiyo ikiwa safi leo, ungevuna tena.

Hapa nitalaumu upande wetu kidogo. Vipeperushi vingi vya mbegu huandika "inavumilia magonjwa" kwa mstari mmoja, baada ya mavuno kwa hekta na kabla ya rangi ya ganda. Ningependa tuandike kila ugonjwa kwa jina lake, na tuseme wazi kama mmea unazuia virusi visiingie au unaugua taratibu. Mkulima akijua kwamba mbegu yake inaugua taratibu, ataelewa kwa nini anapaswa kuibadilisha baada ya misimu kadhaa. Asipoambiwa, ataona ametapeliwa, na kwa kweli hatakuwa amekosea sana.

Swali lako la pili ni zito zaidi, na jibu lake linaanzia milimani, juu ya Tanga.

Muhogo si mmea wa kwetu kwa asili. Wareno waliuleta Afrika kutoka Amerika ya Kusini, na huko ulikotoka magonjwa haya mawili hayapo. Inaaminika yaliupata huku, kutoka kwenye mimea ya porini ya Afrika. Batobato iliandikwa kwa mara ya kwanza na Mjerumani Warburg mwaka 1894, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Michirizi ya kahawia ilielezwa mwaka 1936 na H. H. Storey, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, kutokana na miti aliyoiona chini ya milima hiyo. Kwa maneno mengine, pwani yetu ndiyo nyumbani kwa michirizi. Kwa miongo mingi iliaminika kuwa ugonjwa huu ni wa ukanda wa chini tu, kutoka pwani ya Kenya hadi Msumbiji na kandokando ya Ziwa Malawi, na kwamba juu ya mita 1,000 hauna nguvu. Imani hiyo ilikuja kutugharimu.

Storey alitafuta nguvu dhidi ya batobato katika mihogo aliyoweza kuipata, lakini iliyokuwepo haikutosha. Akageukia mti unaoujua: mpira. Wajerumani walikuwa wamepanda mashamba ya mpira wa Ceara, na mti huo ni ndugu wa muhogo, unaoweza kuzaana nao. Hadi leo watu wanachuma majani yake na kuyapika, kisamvu cha mpira. Mti ule haukusumbuliwa na magonjwa haya kama muhogo ulivyosumbuliwa. Basi wakachukua chavua ya mti mmoja wakaipaka kwenye ua la mwingine. Watoto waliozaliwa walikuwa na nguvu ya mpira, lakini pia walikuwa na mizizi ya mpira: myembamba, yenye nyuzi, isiyolika. Ikabidi wawarudishe kwa muhogo, kisha wajukuu wawarudishe tena, kisha tena, wakitupa kila kisicholika na kubakiza kila kisichougua. Storey, kisha Nichols, kisha Jennings. Kazi iliyoanza katikati ya miaka ya 1930 ikafungwa mwaka 1957.

Mmoja wa watoto wale aliitwa kwa namba tu, 46106/27. Kituo kilifunga kazi hiyo, wazungu wakaondoka, lakini mti haukuondoka. Wakulima waliuona hauozi, wakaendelea kukata pingili na kugawana. Pwani ya Kenya wakauita Kaleso. Kusini mwa Tanzania ukaitwa Namikonga. Watafiti walikuja kutambua baadaye kwamba majina yale mawili ni ya mti mmoja, ule ule wa Amani. Hadi leo, ukiniuliza ni muhogo gani wa Afrika Mashariki wenye nguvu ya kuaminika dhidi ya michirizi, Namikonga nitautaja mapema kabisa. Nani aliyeutunza katika miaka ile ambayo hakuna mtafiti aliyeuangalia? Wakulima wa Kilifi na Mtwara, ambao hakuna ripoti inayowataja.

Mbegu nyingine za Amani zilipelekwa Nigeria. Huko ukapatikana mti wenye namba 58308, na kuanzia mwaka 1971 IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha nchi za joto iliyoko Ibadan, chini ya mtafiti S. K. Hahn, iliutumia kuzalisha aina zilizoenea Afrika nzima. Mashuhuri ni TMS 30572. Aina hiyo ilirudi Afrika Mashariki kwa mlango wa Uganda, ikaitwa Migyera au NASE 3. Kwa hiyo damu ya mpira wa Tanga ilizunguka bara na kurudi.

Ilirudi kwa wakati wake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali ilizuka Luwero, kaskazini ya Kampala, ikashuka mwaka hadi mwaka ikifagia mashamba, na sehemu nyingine za nchi watu wakaacha kabisa kupanda muhogo. Mwaka 1997 ikajulikana sababu: virusi viwili vya batobato vilikuwa vimekutana ndani ya mti mmoja, vikabadilishana vipande vya vinasaba, kikazaliwa kirusi kipya chenye makali zaidi. Aina za NASE, na baadaye TME 204 iliyotokana na mihogo ya wakulima wa Afrika Magharibi, ziliokoa chakula cha Uganda. TME 204 ilipendwa sana: inazaa, ni tamu, na batobato haiigusi.

Mwaka 2004 michirizi ya kahawia ikaonekana Uganda, juu kabisa ya zile mita 1,000 tulizoaminishana. Na TME 204 haikuwa na kinga yoyote dhidi yake. Mizizi ilioza huku majani yakiwa mazuri, hali ile ile unayonieleza. Tena aina zile zisizougua batobato zilikuwa zimejaa majani mabichi yenye afya, na nzi weupe wakanenepa juu yake. Kinga ya ugonjwa mmoja ilikuwa imeandaa meza kwa ugonjwa wa pili. Hakuna mtu aliyefanya uzembe hapo. Waliochagua mbegu zile walichagua dhidi ya adui waliyemwona.

Kwa hiyo kwa nini tusiweke kinga zote mbili katika mti mmoja? Tunajaribu, na baadhi ya aina zinakaribia. Ugumu wake ni wa hesabu.

Kinga ya batobato iliyomo katika mihogo mingi ya Afrika Magharibi hukaa mahali pamoja kwenye kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba, mahali panapoitwa CMD2. Mti wenye nakala moja tu ya jeni hiyo una kinga, na nusu ya watoto wake wataipata. Rahisi. Nguvu dhidi ya michirizi haiko hivyo. Watafiti walipoukutanisha Namikonga na Albert, muhogo wa wakulima unaooza haraka sana, wakapanda watoto wao Chambezi, Bagamoyo, na Naliendele, Mtwara, walikuta nguvu hiyo imegawanyika katika sehemu kadhaa kwenye kromosomu tofauti, kila moja ikichangia kidogo. Chukua mfano wa hesabu tu: kama unahitaji vipande vitano, na kila kimoja hurithiwa na nusu ya watoto, basi mtoto mwenye vyote vitano ni mmoja katika 32. Mwongezee CMD2, ni mmoja katika 64. Na bado hujauliza kama anazaa, kama anaiva haraka, kama una wanga wa kutosha, kama mama mwenye nyumba ataukubali ukichemshwa na nazi. Muhogo mchungu usiooza hautapandwa hapo Mkuranga, na wewe unajua hivyo kuliko mimi.

Kuna na jambo la mpira wenyewe. Usomaji wa vinasaba umeonyesha kwamba vipande vikubwa vya mpira wa Ceara bado vimo ndani ya mihogo yetu ya leo, hasa kwenye kromosomu ya 1 na ya 4, tangu siku za Amani. Vilibaki kwa kuwa vina faida. Lakini vimekaa kama mkupuo mmoja usiokatika kirahisi, mazuri na mabaya pamoja, na ni nadra kukuta mti uliochaguliwa wenye nakala mbili za kipande kile kile. Unachukua kinga, unapokea na kitu ambacho hukukiagiza.

Halafu muhogo ni mkaidi kwa ndoa. Aina nyingi hutoa maua mara chache, na zile zinazosimama wima bila matawi, ambazo wakulima wanazipenda kwa kuwa zinaruhusu kupanda mazao mengine katikati, ndizo zinazochelewa zaidi au zisizotoa kabisa. Ua jike hufunguka kwanza, ua dume la kishada hicho hicho hufuata baada ya wiki moja au mbili. Inabidi ulifunike ua jike kwa kifuko kabla halijafunguka, uende kutafuta chavua kwenye mti mwingine, upake, ufunike tena, usubiri kama miezi mitatu. Tunda hutoa mbegu zisizozidi tatu. Na kila mbegu ni mtu tofauti: muhogo umebeba mchanganyiko mkubwa kiasi kwamba watoto wa tunda moja hawafanani. Mpita njia akiona shamba la miche hiyo atadhani tumepanda aina mia.

Kila mche uliotokana na mbegu ni mti mmoja tu. Ukiupenda, unaukata pingili kumi hivi, unasubiri mwaka. Mwaka unaofuata una mstari. Mwaka mwingine una kijishamba. Punje moja ya mahindi inakupa mamia ndani ya miezi minne. Muhogo unakupa kumi kwa mwaka. Tunaupeleka mahali penye ugonjwa mkali kwa makusudi, kama Chambezi, tunapanda mistari ya aina dhaifu katikati ili virusi visikose njia, kisha tunachimba, tunakata kila mzizi vipande, tunautolea alama kutoka 1 hadi 5. Wengi wanaishia hapo. Waliobaki wanakwenda kwenye vituo vya mikoa mbalimbali, kisha kwa wakulima, kisha majaribio ya kitaifa ya kuidhinishwa. Kutoka ua hadi pingili mkononi mwa mkulima, miaka 8 hadi 10 ni kawaida. Ndani ya miaka hiyo virusi navyo havikai vinasubiri.

Tunazifupisha vipi? Njia iliyosaidia zaidi ni kuchagua kwa kusoma vinasaba. Mche ukiwa bado mdogo unakata kipande cha jani, unasoma alama zake maelfu, unalinganisha na kumbukumbu za miti iliyowahi kupandwa na kupimwa, kompyuta inakadiria kama utazaa na kama utaoza. Hivyo unaweza kuwakutanisha wazazi bora bila kungoja mavuno ya misimu yote. Mradi wa NextGen Cassava ulioanza mwaka 2012, ukiunganisha Chuo Kikuu cha Cornell, IITA, kituo cha Namulonge cha Uganda, Umudike ya Nigeria na wengine, Tanzania ikiwamo baadaye, ndio ulioieneza njia hii kwenye muhogo. Haitoi miujiza. Ukadiriaji wa michirizi bado ni dhaifu kuliko wa batobato, kwa sababu ile ile ya vipande vingi vidogo. Shamba halijapata mbadala.

Hata CMD2 yenyewe, kinga tuliyoitegemea kwa miaka, jeni yake ilitambuliwa mwaka 2022 tu: ni badiliko dogo katika kimeng'enya kinachonakili vinasaba vya mmea. Kabla ya hapo kulikuwa na kisa kilichowasumbua wengi. TME 204 ikipitishwa kwenye maabara kwa njia ya kuotesha mmea mzima kutoka kwenye seli, mimea iliyotoka ilikuwa imepoteza kinga ya batobato. Mti ule ule, jina lile lile, kinga imekwenda. Nakutajia kisa hiki kwa kuwa watu hudhani maabara ikiguswa basi kila kitu kimepata uhakika.

Kuna habari mbili nyingine ambazo huenda umezisikia vijiweni. Kwanza, mwaka 2019 watafiti walioijaribu mihogo ya Amerika ya Kusini kutoka hifadhi ya mbegu ya CIAT, kituo cha utafiti wa kilimo cha Kolombia, walikuta michache ambayo virusi vya michirizi haviingii kabisa, ingawa kule ugonjwa huo haupo. Ni jambo kubwa kuliko Namikonga. Lakini mihogo ya kule kwa kawaida huanguka mbele ya batobato, kwa hiyo tunarudi kwenye kibarua kile kile cha kukutanisha. Pili, mbegu iliyobadilishwa vinasaba: muhogo wenye namba 4046, uliowekewa vipande vidogo vya virusi vyenyewe ili mmea uvitambue na kuvikatakata, uliruhusiwa na mamlaka ya usalama wa viumbe ya Kenya mwezi Juni 2021 uendelee na hatua za majaribio ya kitaifa. Kwa michirizi unafanya kazi. Kwa mkulima wa Mkuranga haupo, na sikushauri upange msimu wako kwa kuusubiri.

Basi, mzee, tuje kwenye shamba lako.

Mihogo iliyobaki ichimbe sasa. Mizizi haianzi kuoza mapema. Dalili huongezeka kadiri muhogo unavyokaa ardhini, hasa baada ya miezi tisa. Ukichelewa kwa kutaka unene, unanenepesha uozo. Mizizi mizima uza au katia makopa. Mashina usimpe mtu, hata akikuomba kwa heshima, na hata yale yanayoonekana safi usiyapande tena kwa wingi. Visiki vikichipua baada ya mavuno ving'oe, kwani maotea hayo ndiyo yanayotunza virusi kati ya msimu na msimu.

Mbegu mpya itafute TARI Kibaha, kituo cha taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, au kwa mkulima mzalishaji aliyesajiliwa, anayekaguliwa na TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Wapo wanaouza mbegu ya daraja la kuazimiwa ubora. Usiridhike na neno "safi". Muulize ilikaguliwa lini, muombe akuonyeshe majani ya chini, na ikiwezekana mchimbe mti mmoja pamoja, mkate mizizi mbele yenu. Mzalishaji mkweli hatakasirika. Kuhusu aina, zipo zilizoidhinishwa kwa ukanda wa pwani baada ya Kiroba, kama Chereko, Kipusa na Mkuranga 1. Waulize Kibaha ipi inafanya vizuri sasa upande wenu. Panda mbili, usiweke shamba zima kwa aina moja.

Anza na kijishamba cha mbegu peke yake, mbali na mihogo ya zamani kadiri eneo linavyoruhusu, mamia ya mita kama unayo. Katika miezi mitatu ya kwanza pita kila wiki, mti wenye dalili yoyote ung'oe bila huruma. Siku ya kuvuna fanya tofauti na mazoea: usikate mashina yote yakarundikwa kabla ya kuona mizizi. Chimba mti, kata kila mzizi vipande vitano hivi, ukikuta hata doa moja shina lake lisiingie kwenye rundo la mbegu. Kazi hii ina malipo makubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu virusi vya michirizi havienei sawasawa ndani ya mti. Kuna pingili za mti ulioambukizwa zinazotoka safi, na aina zenye nguvu hutoa pingili safi nyingi zaidi. Naamini hiyo ni sehemu ya siri ya Kaleso kudumu mikononi mwa watu kwa zaidi ya miaka 60: aina yenyewe ilijisafisha, na wakulima wakachagua mashina ya miti mizuri.

Ukifanya haya peke yako huku jirani ana michirizi mpakani, utapunguza hasara lakini hutaimaliza. Na hapa Mkuranga ina historia yake. Miaka kadhaa iliyopita watafiti wa IITA na wenzao walifanya jaribio katika vijiji vya Mkuranga na Chato: wanakijiji walikubaliana kung'oa mihogo yote ya zamani kwa pamoja, wakapanda mbegu safi kwa pamoja, na wakawekeana utaratibu wa kuilinda. Ugonjwa ulirudi polepole kuliko kwingine na mavuno yakapanda. Huenda kuna wenzako wanaolikumbuka. Ongea nao, kisha mpeleke hoja kwenye serikali ya kijiji, kwa kuwa kung'oa muhogo wa mtu ni jambo la makubaliano na si la mtaalamu kuja kuamuru. Mwenye shamba moja tu la chakula hawezi kung'oa kabla hajajua atakula nini hadi lile jipya liive.

Vijana wako wakiwa na simu janja, waweke programu inayoitwa Nuru. Inazungumza Kiswahili na inasoma jani bila intaneti, inatofautisha batobato na michirizi. Mwelekeze kijana ailenge kwenye majani ya chini, maana nayo haiwezi kuona kisichoonyeshwa.

Mvua za vuli hazisubiri, na mbegu ya muhogo haihifadhiki stoo kwa miezi. Mashina yakishakatwa yaweke wima kivulini, sehemu ya chini ikigusa udongo wenye unyevu, na ndani ya wiki chache yawe yamepandwa. Kwa hiyo weka oda kwa mzalishaji tangu mwezi wa nane, mkubaliane siku ya kukata iwe baada ya mvua ya kwanza kulainisha shamba lako, na uende mwenyewe siku hiyo ukiwa na kisu.